Maharage ya kubeba kazini yanachacha kabla ya saa saba, dagaa hawachachi. Tatizo liko wapi?

#1 Stoo_Igogo
Mwangaluka wadau. Naomba tusaidiane jambo dogo linaloniumiza mfuko.

Natunza stoo maeneo ya Igogo hapa Mwanza, nakaa Kisesa. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, mapumziko ya kula ni saa saba mchana. Tangu mwezi uliopita nimeamua kubeba chakula. Sahani ya wali maharage kwa mama lishe wa jirani na kazini ni 2,500, ukiongeza maji ya kunywa inafika 3,000. Siku 26 za kazi ni 78,000 kwa mwezi. Binti yangu anaingia kidato cha kwanza Januari, hiyo hela ni sare, viatu na madaftari.

Wiki iliyopita nilibeba siku sita: nne wali maharage, mbili ugali na dagaa wa kukaanga. Katika zile nne, tatu yalichacha. Jumanne nilipozungusha mfuniko ulipumua kama chupa ya soda. Juu ya maharage kulikuwa na povu jeupe la vitone vitone, na wali wa chini ukiuinua na kijiko unavutika kama mlenda. Nikamwaga, nikashinda na maji mpaka jioni. Ugali na dagaa haukuharibika hata siku moja.

Maharage nachemsha jioni, naunga na nyanya, kitunguu na hoho, yanalala jikoni kwenye sufuria. Alfajiri napasha, napika wali, natia vyote kwenye hotipoti vikiwa vya moto kabisa, nafunga. Nakosea wapi? Sitaki kurudi kwenye 3,000.

#2 MamaKulwa
Pole baba. Kosa ni hapo kwenye "vya moto kabisa, nafunga". Mvuke hauna pa kwenda. Unapanda kwenye mfuniko, unageuka jasho, linadondokea wali. Wali uliolowa jasho haufiki saa sita. Mimi napakua kwenye sinia, natandaza, napepea mpaka vidole haviungui, ndipo nafunga. Mapacha wangu nimewafungia chakula cha shule miaka minne, hakijarudi kilichochacha.

#3 FundiFriji
Mama Kulwa nakuheshimu, lakini kwa hotipoti hapo unampoteza. Chombo kile kazi yake ni kutunza moto. Ukikitilia chakula cha uvuguvugu, kitatunza huo uvuguvugu, na uvuguvugu ndio wadudu wanautaka. Kazi yangu ni majokofu, na kanuni haibadiliki: bakteria wa chakula wanazaliana kati ya nyuzi joto 5 na 60. Juu ya 60 wanashindwa, chini ya 5 wanazubaa. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Mleta mada anatoka saa kumi na moja na nusu, anakula saa saba. Piga hesabu, ni saa saba na nusu.

Mkuu, hotipoti yako ni ya lita ngapi?

#4 Stoo_Igogo
Lita mbili na nusu. Tulipewa siku ya harusi. Chakula changu hakifiki hata nusu yake.

#5 FundiFriji
Nilihisi. Hotipoti ikiwa tupu nusu, moto wote unakwenda kupasha kuta na hewa iliyo juu. Saa nne asubuhi chakula kimeshashuka kwenye uvuguvugu, na kinakaa humo saa tatu nzima. Nunua ndogo, ya lita moja au chini yake. Kabla ya kutia chakula, ijaze maji yanayochemka, funga, iache dakika kumi, mwaga, tia chakula kikiwa kinatoa moshi, jaza mpaka juu. Ukifungua saa saba mkono uhisi moto, siyo joto.

#6 Busisi_Ngambo
Mimi natoka Sengerema nafanya kazi mjini. Zamani nilikuwa nasingizia pantoni. Foleni ya Kigongo ilikuwa inakula saa nzima na zaidi, jua linapiga gari, nikasema basi ndiyo sababu maharage yanachacha. Daraja likafunguliwa Juni 2025, kilomita 3 tunavuka kwa dakika chache, na maharage yakaendelea kuchacha vilevile.

Nilichokuja kugundua: konda alikuwa ananipokea begi na kuliweka mbele, juu ya injini. Kibao kile kinaunguza mpaka nyayo. Siku hizi nakaa nalo mapajani hata gari ijae vipi. Tangu hapo nafuu kubwa. Mleta mada, kutoka Kisesa begi lako linakaa wapi?

#7 Stoo_Igogo
Linakaa kwapani mkuu, halifiki mbele. Ila nikifika kazini naliweka dirishani kwenye stoo, na mabati ya pale saa tano huwezi kuyagusa.

#8 Busisi_Ngambo
Si unaona sasa.

#9 Bi_Mwaloni
Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyejibu kuhusu dagaa, na mimi ndiyo biashara yangu pale soko la Mwaloni, Kirumba.

Dagaa hachachi kwa sababu hana maji. Ameanikwa juani mpaka ukimkunja anakatika, halafu wewe unamkaanga tena kwenye mafuta na chumvi. Mdudu akija hana cha kunywa. Lakini dagaa huyohuyo ukimuunga rojo, na nyanya nyingi, na bamia, anachacha kama maharage tu. Wateja wangu wengi hawaelewi hilo, wananirudia wakidhani nimewauzia dagaa waliovunda.

Anayetaka wa kubeba: chagua wa kichanja, siyo waliomwagwa mchangani, mchanga utaukuta kwenye jino. Katakata vichwa ukipenda. Osha kwa maji ya moto haraka, chuja, uache ukauke kabisa kwenye ungo. Kaanga moto wa wastani mpaka unasikia unagonga sufuria kama changarawe. Kitunguu kiingie mwisho nacho kikauke mpaka kiwe kahawia. Karanga za kukaanga mkono mmoja. Ndimu beba nzima, kamulia palepale unapokula. Huu hata usipoufunga hotipoti unafika jioni.

#10 Kijana_Pasiansi
Bi Mwaloni, na harufu? Ofisi yetu ina kiyoyozi, madirisha hayafunguki. Kuna kaka alifungua dagaa wiki ya kwanza kazini, mpaka leo anaitwa Mwaloni.

#11 Bi_Mwaloni
Mwambie ni jina zuri. Harufu inakuja ukipasha. Ukila wa baridi hakuna atakayejua. Na hao wanaoziba pua waulize jioni kwao wanakula nini.

#12 Nesi_Bwiru
Naomba niseme jambo la afya, maana naona tunazungumza hela na harufu tu.

Wali una bakteria wake anaitwa Bacillus cereus. Anatoka shambani, na mbegu zake hazifi ukichemsha. Wali ukilala kwenye sufuria iliyofunikwa, joto likishuka polepole, mbegu zinaamka, wanazaliana na wanaacha sumu. Sumu ya aina moja, ile ya kutapisha, haiondoki hata ukipasha mpaka ufuke moshi. Tena wali unaweza kuwa nayo na usitoe harufu yoyote. Kwa hiyo wale wa "kiporo nimekipasha vizuri" mjue kupasha hakufuti kila kitu.

Kaka wa Igogo, ulifanya vema kumwaga. Usionje kuhakikisha. Na maharage yako yanalala jikoni usiku kucha, kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja. Mimi naona kosa liko usiku huo, hotipoti inaonewa bure.

#13 MamaKulwa
Dada nesi, mbona sisi tumekula viporo na chai maisha yetu yote?

#14 Nesi_Bwiru
Mama, mmekula na wengi mmepona. Ila wale watoto wanaoletwa wanatapika Jumatatu asubuhi baada ya sherehe ya Jumapili, pilau tunaisikia kwenye maelezo kila mara. Kama kiporo ni lazima, kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Hapo kwenye sinia tunakubaliana, mama.

#15 FundiFriji
Na friji ifanye kazi. Umeme ukikatika saa sita usiku ukarudi saa kumi, asubuhi utakuta friji ya baridi na chakula kilichoshapata joto katikati. Weka kikombe cha maji kwenye friza, yakiganda weka sarafu juu ya barafu. Asubuhi ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka usiku, na hicho chakula usikiamini.

#16 Mzee_wa_Magu
Vijana mmeongea vizuri. Mimi nina miaka 67, niseme nilichokiona.

Kwetu tuliambiwa kuna watu mikono yao inachachisha. Mama yangu alikuwa na shemeji yake, akipika yeye chakula hakilali. Viungo vilevile, sufuria ileile. Mama akipika, kiporo kinafika mchana wa pili. Sisemi mnaamini au hamuamini, nasema nilikula vyote viwili.

Halafu chakula cha safari cha Msukuma hakikuwa wali. Tulikuwa tunaenda kuchunga ng'ombe au kulima mbali, mfukoni una michembe. Unatafuna, unakunywa maji, unafika jioni.

#17 Kijana_Pasiansi
Mzee heshima yako. Michembe ndiyo vile viazi vitamu vinachemshwa halafu vinakaushwa? Bibi alikuwa anatuletea.

#18 Mzee_wa_Magu
Hapana mjukuu wangu, hayo ni matobolwa. Matobolwa yanachemshwa kwanza, yanakatwa, ndipo yanaanikwa, unayatafuna hivyohivyo, matamu. Michembe inakatwa mibichi ikishasinyaa kidogo, inaanikwa juani mpaka inalia kokoto. Hiyo unaichemsha ukitaka kula, na karanga zilizotwangwa. Wengine tuliitafuna mikavu utotoni, meno yalikuwepo. Watu wa mjini mnachanganya hivyo viwili kila siku.

#19 Bi_Mwaloni
Mzee amesema kweli. Na michembe ya karanga ukiichemsha alfajiri inashiba mpaka jioni, na bei yake huwezi kulinganisha na mchele.

#20 Bukoba_Mjini_Mwanza
Wasukuma mmemaliza na viazi, sasa sikilizeni watu wanaokula chakula. Ndizi! Meli inashusha mikungu kutoka Bukoba, mnapishana nayo mkikimbilia mchele. Ndizi na maharage vinapikwa sufuria moja, kitu kimoja, hakuna wali wa kulowa. Mimi nabeba kila siku.

#21 Busisi_Ngambo
Na ikifika saa saba ndizi imekuwa jiwe.

#22 Bukoba_Mjini_Mwanza
Inakuwa jiwe kwa asiyejua kuipika. Tia mafuta kidogo mwishoni na ubakize rojo. Hata hivyo nakiri ya kwangu imechacha mara mbili, zote mbili mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku. Mwenye maelezo ya mvua atusaidie, maana siku za mvua kuna baridi, ilipaswa kukaa zaidi.

Na senene wakianza kuanguka hapo Novemba, mtaniona na kopo dogo. Senene wa kukaanga hawachachi mwezi mzima. Siuzi, sigawi.

#23 Kijana_Pasiansi
Huyo wa kutogawa senene apigwe faini na uongozi wa jukwaa.

#24 Bint_Pangani
Mimi ni mtu wa Pwani nimeletwa huku na kazi. Kwetu kila mtu anajua: chakula cha nazi hakibebwi. Tui likikaa linachacha upesi kuliko chochote. Nilipofika Mwanza nilipika maharage ya nazi nikabeba, saa tano tu tumbo la hotipoti linanguruma. Nikaacha nazi kwa chakula cha mchana, jioni ndiyo naila.

Pia mama yangu alikuwa anakamulia ndimu kwenye maharage ya kubeba. Anasema uchachu wa ndimu unazuia uchachu mbaya. Nimefanya hivyo, naona inasaidia.

#25 Nesi_Bwiru
Ndimu inasaidia kiasi, bakteria wengi hawapendi uchachu. Lakini kamulio moja kwenye bakuli zima la maharage haitoshi kukuhakikishia. Isije ikawa ndiyo sababu ya kuyaacha usiku jikoni.

#26 Stoo_Igogo
Sitii nazi. Ila nyanya natia nyingi, tatu mpaka nne. Na mke wangu anasema hoho ndiyo inachachisha. Yeye akiunga bila hoho anasema yanakaa.

#27 MamaKulwa
Ana haki mkeo. Hoho na kitunguu visipoiva vinachachisha. Watu wengi wanaungia juu juu, kitunguu bado kinalia kachu kachu, wanamwagia maharage. Kaanga kitunguu mpaka kiishe, nyanya mpaka mafuta yapande juu, ndipo maharage yaingie, na yachemke tena robo saa. Hoho iache kwa ya jioni.

Na swali moja ambalo hakuna aliyeuliza. Mpira wa mfuniko unautoa unapoosha?

#28 Stoo_Igogo
Mpira gani mama?

#29 MamaKulwa
Jamani. Geuza mfuniko, kuna mpira umezunguka. Chukua kijiti, uchomoe, uunuse. Kisha uje useme.

#30 Stoo_Igogo
Nimerudi.

Nimeuchomoa kwa ncha ya kijiko. Upande wa ndani kuna utando mweusi unateleza, na ganda la harage limebana kwenye mfereji, sijui la lini. Harufu ni ileile ya Jumanne. Miaka tisa tangu harusi huo mpira haujatoka. Nimeusugua kwa mswaki wa zamani na maji ya moto, nimeuanika kwenye kamba pamoja na mfuniko. Asante sana mama.

#31 FundiFriji
Hapo mama Kulwa umetuzidi wote. Chombo ambacho kila asubuhi kinapandikiza chachu mpya, hata ukipike vipi.

#32 Bi_Mwaloni
Lakini mbona dagaa na ugali vilikaa kwenye hotipoti hiyohiyo, mpira huohuo, visichache? Mpira ni uchafu na aoshe, sawa. Mimi bado nasema ni maji. Chakula chenye rojo ndicho kinachoharibika.

#33 Mama_Igoma_Sokoni
Habari za leo. Mimi ndiyo nauza chakula, nimesoma huu uzi kwa makini kwa sababu mnanikimbia. Siwalaumu, shule ni ghali. Niwaambie tunavyofanya sisi: maharage yetu hayalali yameungwa. Yanachemshwa na chumvi tu, yanapoa, asubuhi yanachemka upya kwa nguvu, ndipo tunaunga kiasi kile kitakachouzwa. Nikiunga jioni nitatupa sufuria nzima. Kaka wa Igogo, chemsha jioni, unga alfajiri. Ni dakika kumi na tano.

#34 Mzee_wa_Magu
Huyo mama ana mkono mzuri, nimeujua kwa maneno yake.

#35 Busisi_Ngambo
Mzee na zamani ugali mlikuwa mnabebea nini? Mimi nakumbuka mjomba anabeba kwenye rambo, mpaka walipozipiga marufuku 2018.

#36 Nesi_Bwiru
Ilikuwa 2019, Juni mosi. Nakumbuka tulivyohangaika na mifuko ya kubebea nguo za wagonjwa. Na afadhali, ugali wa moto kwenye nailoni ulikuwa unatoka umelowa kama uji.

#37 Mzee_wa_Magu
Sisi ilikuwa kitambaa safi na kikapu. Ugali unapumua. Unakuta umefanya ngozi juu, ndani mlaini. Mboga kando, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, au furu wa kukausha, wakati ziwa lilikuwa na furu, kabla ya sangara kuwamaliza. Wajukuu zangu hawamjui furu.

#38 Stoo_Igogo
Wadau, nimerudi na taarifa ya wiki hii. Hotipoti bado ni ileile, ya lita moja nitanunua mwisho wa mwezi.

Jumatatu: nimeosha mpira, maharage nimeunga jioni kama zamani, nimetia moto. Hayakuchacha.
Jumanne: hivyohivyo. Yamechacha kidogo, harufu bila povu. Begi lilikuwa dirishani, nilisahau.
Jumatano: nimechemsha jioni, nimeunga alfajiri kama alivyosema mama wa Igoma, bila hoho. Mazima kabisa, na matamu kuliko ya siku zote. Begi nimeliweka sakafuni nyuma ya magunia.
Alhamisi: ugali na dagaa wa Bi Mwaloni. Nimekula na wenzangu watatu, wamenimalizia.
Ijumaa: kama Jumatano kila kitu, sakafuni, mpira safi. Yamechacha. Wali mzima, maharage povu.

Hiyo Ijumaa ndiyo siielewi.

#39 Bukoba_Mjini_Mwanza
Ijumaa alfajiri Kisesa mvua ilinyesha?

#40 Stoo_Igogo
Ilinyesha, ndiyo.

#41 FundiFriji
Mvua haina kosa. Mkaa ulikuwa umelowa? Maharage yalichemka kweli asubuhi au yalipata moto tu ukawahi gari?

#42 Stoo_Igogo
Jiko lilichelewa kushika, hilo kweli. Yalianza kuchemka pembeni nikaepua.

#43 Nesi_Bwiru
Pembeni siyo katikati. Koroga, yachemke yote.

#44 Mzee_wa_Magu
Nani aliunga Ijumaa, wewe au mama watoto?

#45 Stoo_Igogo
Mimi, mzee. Jumatano aliunga yeye.

#46 MamaKulwa
Jumatatu unga mwenyewe, yachemke robo saa, na mpira uuanike leo jua likiwepo. Na uangalie chini ya kizibo cha juu kile cha kutolea mvuke, kama chako kinacho. Huko nako kuna kampira kadogo.

#47 Stoo_Igogo
Kapo. Nakachomoa sasa hivi.